Mkanda ulioachwa ndani ya kamera ya babu

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24, naishi Tanga. Baada ya arobaini ya babu tulifungua kabati lake tukakuta kamera ya Zenit E ndani ya mfuko wa ngozi. Kihesabu chake kimesimama kwenye 23 na nahisi ndani kuna mkanda. Tangu siku hiyo natamani kujifunza kupiga picha kwa filamu, lakini kaka yangu ananicheka. Anasema simu yangu inapiga vizuri kuliko dude hilo, na kwamba haya mambo ya filamu ni fasheni ya watu wa mitandaoni na kumbukumbu za wazee. Naomba uniambie ukweli: kuna kitu kweli kwenye filamu? Na huo mkanda wa babu, bado una chochote?

Marahaba, binti yangu, na poleni sana kwa msiba.

Kabla sijasema lolote jingine: usiufungue mgongo wa hiyo kamera. Usiufungue hata usiku, hata kwa kuchungulia mara moja. Irudishe kwenye mfuko wake, iweke mahali pakavu pasipo na joto, na waambie watoto wa nyumbani wasiiguse. Mkanda nitaurudia mwishoni, maana hilo ndilo swali lako zito ingawa umeliweka nyuma.

Sasa kaka yako. Kwa mambo mengi anasema kweli, na sitaki kuitetea filamu kwa uongo. Simu yako inaona gizani kuliko kamera ya babu, na haikutozi chochote kila unapobonyeza. Mimi mwenyewe nikiitwa harusini nabeba kamera ya dijitali. Ukumbi wa usiku wenye taa za zambarau, bibi harusi anaingia akicheza na wapambe wake, mashangazi wanamiminika kutunza, na yote hayo yanapita ndani ya dakika tatu: hapo mtu mwenye mkanda wa picha 36 atarudi nyumbani na aibu. Kwa paspoti saizi, kwa picha za bidhaa, kwa kazi yoyote ambayo mteja anaitaka jioni hiyohiyo, filamu haina nafasi tena.

Na ni kweli sehemu yake ni fasheni. Wapo wanaopiga kwa simu kisha wanaongeza mikwaruzo, vumbi na tarehe ya rangi ya machungwa pembeni ili picha ionekane ya mwaka 1995. Sina ugomvi nao.

Ila akisema ni kumbukumbu za wazee tu, muulize mbona viwanda vimerudi. Mwaka 1975 mhandisi wa Kodak aitwaye Steve Sasson alitengeneza kamera ya dijitali yenye uzito wa karibu kilo 4, iliyotumia sekunde 23 kuhifadhi picha moja ya nyeusi na nyeupe kwenye kaseti. Kutoka hapo hadi simu ya mkononi ni safari ndefu, na mwisho wake tuliuona sote: Januari 2012 Kodak hiyohiyo ilikimbilia mahakamani kuomba ilindwe dhidi ya wanaoidai. Maabara za rangi zilifungwa mtaa kwa mtaa. Mimi niliuza mashine yangu ya kukuzia picha kwa bei ya chuma chakavu, na najuta hadi leo. Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 2018 Kodak ilirudisha sokoni Ektachrome, filamu ya slaidi iliyokuwa imeiacha miaka michache kabla. Mwaka 2023 Harman ya Uingereza, wanaotengeneza filamu za Ilford, walitoa filamu mpya ya rangi waliyoiita Phoenix. Mwaka 2024 Pentax walitoa kamera mpya kabisa ya filamu, ya kuvuta mkanda kwa kidole gumba, inayogawa kila fremu mara mbili ili mkanda wa 36 utoe picha 72. Hakuna mtu anayejenga mtambo kwa ajili ya machozi ya wazee. Hizo zinanunuliwa na vijana wa umri wako.

Kwa nini wanazinunua? Nitakueleza ninavyoona mimi, na nitaanza mbali kidogo.

Nilianza kazi hii nikiwa mvulana wa miaka 14, Kariakoo, kwa mzee mmoja mwenye studio ya chumba kimoja. Ukutani kulikuwa na kioo, na chanuo limefungwa kwa uzi ili lisiibwe. Koti moja na tai mbili za kuazima zilining'inia kwenye msumari. Nyuma ya kiti, pazia lililochorwa bustani na ngazi zisizokwenda popote. Siku moja akaja kuli wa bandarini, kijana aliyejengeka kweli, akavaa koti, mikono ikafupika. Akakaa, akakaza shingo, akatoa macho kama anayesubiri kupigwa sindano. Mzee hakubonyeza. Alimsogeza kidevu kwa vidole viwili, akarudi nyuma ya kamera, akakaa kimya. Kisha akamuuliza, kama mtu anayepiga soga, "Picha inakwenda kwa nani?" Yule kijana akasema, "Kwa mama, Kigoma." Nadhani hakujua uso wake ulifanya nini alipolitamka hilo jina. Mzee alijua, na hapo ndipo nikasikia shata, kile kilango cha kamera kinachopitisha mwanga. Mara moja tu. "Tayari. Njoo Alhamisi na risiti yako."

Nilimuuliza jioni kwa nini hakupiga hata ya akiba. Akanijibu kwamba ya akiba inalipiwa na nani?

Hakuwa peke yake. Kule Bamako, Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948. Alitumia kamera kubwa ya kutoa negativu, yaani filamu iliyosafishwa ambayo picha huchapwa kutoka kwake, za sentimita 13 kwa 18, na wateja wake wengi aliwapiga mara moja tu kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Picha zake leo zimetundikwa kwenye makumbusho makubwa ya dunia. Ukizitazama, kila mtu amekaa kana kwamba amepewa muda wote anaoutaka. Ninaamini ile bei ya filamu imo ndani ya utulivu huo. Mpiga picha aliyejua ana risasi moja alilazimika kumwangalia mtu mpaka amwone.

Hilo ndilo la kwanza filamu itakalokufanyia. Ukitoka Jumamosi na mkanda wa picha 36 na umeulipia kwa fedha yako mwenyewe, hutawapiga waendesha baiskeli wa Ngamiani mia mbili kisha uchague nyumbani. Utasimama pembeni ya barabara, utaona mwanga unaangukia wapi, utangoja mtu aingie palepale. Baiskeli kumi zitapita na hutapiga hata moja. Ya kumi na moja utapiga. Na ukishapiga, hakuna kioo cha kukitazama. Macho yako yanabaki barabarani, au yanabaki kwa mtu uliyempiga, ambaye pengine anataka kukuuliza jambo. Nimewafundisha vijana wengi, na badiliko la kwanza ninaloliona kwao ni hili, hata kabla mkanda wa kwanza haujasafishwa: wanaacha kuinamisha kichwa kila baada ya picha.

Nimesema kusafishwa. Umewahi kulitafakari neno hilo? Watoto waliozaliwa baada ya maabara kufungwa bado wanaingia dukani na simu mkononi wanasema, "Naomba unisafishie picha hizi." Hakuna maji yanayoigusa picha hiyo, inatoka kwenye mashine ikiwa kavu. Neno limebaki kutoka zama ambazo picha ilikuwa kweli kitu cha kuoshwa kwenye beseni na kuanikwa kwenye kamba kama nguo.

Na hapa ndipo penye jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi. Picha ya filamu ni kitu. Ndani ya filamu kuna chembe za fedha, fedha ileile ya pete na bangili, iliyounganishwa na bromini na kutandazwa kwenye jelatini, utando unaotokana na mifupa na ngozi za ng'ombe. Mwanga ukiigusa chembe, atomu chache za fedha hujitenga na kukusanyika mahali pamoja. Ni chache mno, hakuna jicho litakaloziona. Picha imeshaingia lakini bado haionekani. Developa, dawa ya kwanza ya kusafishia, ndiyo inayokuza dalili hiyo mara mamilioni mpaka chembe nzima igeuke fedha nyeusi, kisha dawa ya pili, fiksa, inaondoa chembe ambazo mwanga haukuzigusa. Kwa hiyo kama babu yako alimpiga bibi yako uani asubuhi, mwanga wa asubuhi hiyo ulimgusa bibi usoni, ukaruka, ukapita kwenye kioo cha lenzi, ukatua kwenye fedha, na fedha ikabadilika palepale. Haijaondoka. Kamera ya dijitali hujifuta baada ya kila picha ili ipokee nyingine, na kinachobaki ni hesabu zilizonakiliwa. Si kasoro hata kidogo, ndiyo sababu picha ya mtoto aliyezaliwa Tanga inamfikia shangazi yake Muscat kabla chai haijapoa. Lakini negativu ilikuwepo. Ilikuwa chumba kimoja na mtu yule.

Ngoja nikupe kisa kimoja ambacho hunirudia kila ninapoulizwa swali kama lako. Julai 1897 Waswidi watatu, S. A. Andrée, Nils Strindberg na Knut Frænkel, walipaa kwa puto kutoka visiwa vya Svalbard wakitaka kufika Ncha ya Kaskazini. Siku ya tatu puto lilikuwa limeanguka kwenye barafu. Walitembea kwa miezi wakivuta mizigo yao, na Strindberg akawa anapiga picha njiani. Waliishia kwenye kisiwa kiitwacho Kvitøya na wote watatu wakafia huko. Hakuna aliyejua walikopotelea mpaka mwaka 1930, meli ya Kinorwei ilipofika kisiwani hapo. Miongoni mwa vitu vyao zilikutwa filamu zilizopigwa lakini hazijasafishwa. Zilikuwa zimekaa miaka 33 kwenye theluji na unyevu. Mtaalamu mmoja wa Stockholm, John Hertzberg, alizishughulikia kwa uangalifu mkubwa akaokoa picha 93. Katika mojawapo unaliona puto limelala ubavu kwenye barafu na watu wawili wamesimama mbele yake, wadogo, wanalitazama. Zina madoa na ukungu. Lakini wao ndio haohao, siku ileile.

Hapa Afrika Mashariki tuna yetu. Priya Ramrakha alizaliwa Nairobi mwaka 1935, akawa mpiga picha wa magazeti makubwa ya Marekani, akauawa vitani Biafra, Nigeria, mwaka 1968. Miaka mingi baadaye hazina ya picha na negativu zake ilikutwa kwenye gereji hapohapo Nairobi. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na kutokana na negativu zilizotunzwa pale Mji Mkongwe wa zamani uliendelea kuchapwa na kutundikwa miongo kadhaa baada ya waliopigwa kufariki. Mimi kwa upande wangu, simu yangu ilianguka baharini kwenye kivuko cha Kigamboni mwaka 2014, na miaka mitatu ya utoto wa binti yangu wa mwisho ikazama nayo. Ndiyo, ningekuwa nimenakili mahali pengine ningekuwa nazo. Faili likitunzwa hudumu. Ila linahitaji mtu wa kulihamisha kutoka kifaa hadi kifaa, kukumbuka nywila, kulipia hifadhi, mwaka hadi mwaka, na yule mtu akifa kazi hiyo mara nyingi hufa naye. Negativu inavumilia kusahauliwa. Hii ndiyo tofauti ninayotaka umweleze kaka yako.

Inavumilia, sikusema haifi. Rangi hufifia, ya nyeusi na nyeupe ndiyo hudumu zaidi, kwa kuwa picha yenyewe ni fedha. Pwani kwetu adui ni unyevu. Ukungu huota kwenye jelatini na kwenye lenzi pia, na mende hula jelatini maana ni chakula. Negativu zako zitie kwenye chombo kinachofunga kabisa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na usizifungie kwenye begi la plastiki zikiwa na joto la mchana.

Kuna jambo jingine lazima nikuambie kwa sababu naipenda filamu na sitaki uipende kwa kutoijua. Filamu ya rangi haikutengenezwa kwa ajili yetu. Kwa miaka mingi maabara zilirekebishia mashine zao kwa kadi ya mfano yenye mwanamke mweupe, kadi zilizoitwa Shirley. Ngozi nyeusi ilikuwa inatoka imezama. Kodak walipokuja kuboresha rangi za kahawia, msukumo mmojawapo ulitoka kwa watengeneza chokoleti na samani waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vizuri kwenye matangazo. Afrika Kusini, kamera za Polaroid zilitumika kupiga picha za vitambulisho vya kuwabana Waafrika. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa Polaroid kule Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, walianzisha kampeni dhidi ya jambo hilo, na mwaka 1977 kampuni ikaacha kabisa kuuza huko. Kwa hiyo ukifungua albamu ya nyumbani ukakuta picha ya harusi ambayo shati jeupe linang'aa na uso wa mjomba ni kivuli chenye meno, ujue haikuwa kosa la mjomba, na mara nyingi si la mpiga picha peke yake.

Dawa yake ipo, na ni ya kiufundi. Pima mwanga kwa ajili ya uso. Kwenye dijitali tumezoea kuogopa sehemu nyeupe zisiungue. Filamu ya negativu ni kinyume chake: inavumilia mwanga mwingi, isichovumilia ni upungufu, kwa sababu kivuli ambacho hakikupata mwanga hakina fedha ya kusafishwa. Mtu mwenye ngozi nyeusi mpe hatua moja zaidi ya mwanga, yaani mwanga maradufu, kuliko kipimo kinavyosema, na usimpige saa saba mchana jua likiwa utosini. Mlete chini ya mwembe, au barazani, uso umeelekea nje.

Sasa hiyo Zenit yako. Ilitengenezwa Krasnogorsk karibu na Moscow kuanzia mwaka 1965, kwa mamilioni, na uzuri wake ni kwamba haina betri hata moja. Kipima mwanga kilicho usoni mwake kinajiendesha kwa mwanga wenyewe. Ielekeze juani, kama sindano haichezi kimeshakufa, usihangaike nacho. Kwa filamu ya 400 (hiyo ni namba ya wepesi wake wa kushika mwanga) juani, weka shata 500, yaani sehemu moja ya 500 ya sekunde, na kitundu cha lenzi 16; namba ikiwa kubwa, kitundu ni kidogo. Chini ya kivuli kilicho wazi, shata 500 kitundu 4. Hesabu hizo mbili zitakufikisha mbali. Lenzi ikiwa ni Helios 44-2, ina pete mbili za kitundu: ya kwanza unachagulia namba, ya pili unafungulia na kufungia. Unafungua ili uone vizuri na kulenga, kisha unafunga kabla ya kupiga. Kila mwanafunzi husahau kufunga angalau mara moja, na picha yake inatoka nyeupe pepe.

Nunua mikanda mitatu tu ya nyeusi na nyeupe. Ni ghali, sikufichi, na huenda ukalazimika kumwagiza mtu anayesafiri. Mwambie asiipitishe kwenye zile mashine mpya za ukaguzi za viwanja vya ndege, aombe ikaguliwe kwa mkono, maana mionzi yake huiharibu filamu. Baada ya hiyo mitatu utajijua. Ukiwa huna hamu tena, rudi kwenye simu bila aibu yoyote.

Safisha mwenyewe nyumbani. Tatizo letu ni joto. Vitabu vimeandikwa kwa maji ya nyuzi 20, na bomba lako la Tanga linatoa 28. Weka chupa zako zote, pamoja na maji ya kuoshea, kwenye beseni moja lenye barafu mpaka zifike 24 au chini, na zote ziwe sawa, kwa sababu jelatini ikiruka kutoka baridi kwenda joto inakunjamana. Mfano, filamu ya HP5 Plus kwenye developa ya ID-11 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji inataka dakika 13 kwa nyuzi 20. Kwa 24 ni kama dakika 9. Hiyo ya nusu kwa nusu naipenda kwetu kwa sababu muda unabaki mrefu. Developa kali kwenye joto huwahi kumaliza kazi na picha hutoka na mabaka. Fiksa ipime kwa kutumbukiza kipande cha mkanda ambacho hakijatumika: hesabu sekunde mpaka kiwe angavu, kisha zidisha mara mbili. Na kuosha hakuhitaji bomba la kumwagika saa nzima. Jaza maji safi kwenye tangi, kile chombo kisichopitisha mwanga unachosafishia mkanda, lipindue mara 5, mwaga; jaza tena, mara 10, mwaga; jaza tena, mara 20, mwaga. Ndoo moja inatosha na kubaki.

Tuje kwa mkanda wa babu.

Kwanza uhakikishe upo. Bila kubonyeza kitufe chochote, zungusha taratibu kitasa cha kushoto cha kurudishia mkanda, upande wa mshale. Kikikaza, mkanda upo. Ile 23 nayo ina habari yake: kihesabu cha Zenit E hakijirudishi chenyewe ukifungua kamera. Mwenye kamera ndiye anayekizungusha kwa kidole mpaka sifuri kila anapoweka mkanda mpya. Kama babu yako alikuwa mtu wa utaratibu, na mtu anayetunza kamera kwenye mfuko wake kwa kawaida ndivyo alivyo, basi alipiga picha 23.

Utatamani kumalizia zile 13 zilizobaki. Najua, kila mtu hutamani. Ushauri wangu ni usizipige. Filamu iliyokaa miaka kwenye kabati la pwani hukauka au hugandana, ukiivuta inaweza kupasuka matundu ya pembeni, na hapo unahatarisha zake kwa ajili ya zako. Pia imeshapoteza nguvu, utapata vivuli tu. Ziache tupu.

Usiku, ingia chumba kisicho na dirisha, ziba chini ya mlango kwa kanga, kaa humo dakika tano uone kama kuna mwanga wowote unaopenya. Ukiwa na uhakika, bonyeza kitufe cha kurudishia kilicho karibu na kitufe cha kupigia, uzungushe kitasa polepole, polepole kuliko unavyodhani inafaa. Ukihisi umekwama usilazimishe. Ifunge kamera nzima kwenye kitambaa cheusi umpelekee mtu mwenye chumba cha giza aifungue yeye. Usipokwama, utafika mahali mkono utahisi umeachiwa, kitasa kitakuwa chepesi ghafla. Zungusha kidogo zaidi, fungua mgongo gizani humohumo, toa kikopo cha mkanda ukifunge kwenye karatasi ya foili.

Asubuhi soma maandishi yake. Ukiona C-41 ni filamu ya rangi ya kawaida. Ikiwa ina zaidi ya miaka ishirini na imelala kwenye joto la Tanga, mimi ningeomba isafishwe kama nyeusi na nyeupe: rangi karibu hakika zimeshakufa, na fedha ndiyo yenye matumaini. Haiwezi kufanywa mara mbili, kwa hiyo mwende kukubaliana nyumbani kwanza. Ukiona K-14, hiyo ni Kodachrome. Maabara ya mwisho duniani iliyoisafisha kwa rangi, Parsons, Kansas, iliacha kupokea mwisho wa mwaka 2010, kwa hiyo hapo hakuna la kuchagua, ni nyeusi na nyeupe. Kwa vyovyote vile mpelekee mtu aliyewahi kusafisha mikanda ya zamani, hata kama ni kuituma mbali na kungoja. Usijifunzie juu yake.

Sikuahidi kitu. Inaweza kutoka ukungu mtupu. Inaweza kutoka nyuso tatu hafifu kati ya 23, na mama yako akazitambua kwa namna mtu alivyosimama.

Mkanda ukishatoka, futa kamera kwa kitambaa kikavu, ianike kivulini nusu siku mlango wake ukiwa wazi, uweke mkanda wako wa kwanza. Kisha zungusha kihesabu kwa kidole mpaka sifuri, kama yeye alivyokuwa akifanya.